Miguu ya Mwanangu na Ungamo la Baba Yake

Mwanangu alizaliwa mnene na mweupe, na kwa sababu hiyo alifungiwa ndani. Mama mkwe alimpakata siku ya kwanza, akampaka wanja kwenye paji la uso, akaniambia mtoto wa namna hii haonyeshwi ovyo, Buguruni ina macho mengi. Nikatii. Si kwamba niliamini sana mambo ya kijicho, ila nilikuwa mzazi mpya, na mzazi mpya hana hoja mbele ya mama mkwe.

Tulipanga chumba cha katikati, dirisha lake likitazamana na ukuta wa jirani, na taa tuliwasha hata mchana. Nilikuwa nashona nguo za watoto humo humo, naye pembeni kwenye mkeka. Tukienda kliniki nilimfunika kanga gubigubi, asionekane hata kisigino. Dar es Salaam hii yenye jua la kuchoma utosi, mwanangu hakulijua.

Ziwa lilikauka mapema, akawa anakula uji wa sembe wenye sukari, na mchana ugali na mchuzi. Maziwa ya ng'ombe tuliyaona ni ya watu wenye nafasi. Dagaa nilimnyima kwa kuogopa miba. Alikuwa akitoka jasho kichwani hadi mto unalowa, na ukimnyanyua analia kama umemfinya. Meno yalichelewa. Vifundo vya mikono vilinenepa, nami nikajisifu kwamba mtoto ana afya.

Watoto wa rika lake walianza kukimbia uani na yeye bado amekaa. Siku aliposhika kitanda akasimama, niliita majirani kwa furaha, kisha nikaitazama miguu. Magoti yalitazama nje, miguu imepinda kama koleo la mkaa.

Mama mkwe alikuja kutoka Ukonga Jumapili iliyofuata. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama, akaniambia nimvue mtoto nguo. Akamtazama mbele na nyuma.

"Huyu kabemendwa," akasema.

Mtu wa pwani au wa kusini hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza. Husemwa kwamba mama au baba akitoka nje ya ndoa mtoto angali mchanga, kisha akaja kumshika, mtoto huharibika. Hadhoofiki tu, hata miguu humkataa. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni, na kila nilipolisikia alikuwa anasemwa mwanamke.

Kwa hiyo macho yalianzia kwangu.

"Mama, mficha uchi hazai," mama mkwe akaniambia, safari hii kwa upole. "Sema tu. Dawa ya kumwogesha ninayo, nimekuja nayo. Ila haishiki mpaka aliyekosa aseme kwa mdomo wake."

"Mie?" Nilipandisha sauti, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia. "Mama, mie natokaga saa ngapi humu ndani? Muulize mwanao."

Nilisema vile ili anitetee. Mume wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kofia mkononi. Nilimtazama nikisubiri aseme, mama, mke wangu hana mambo hayo. Alikuwa anaitazama miguu ya mtoto.

"Mwacheni," akasema. "Ni mie."

Akasema yote, bila kuulizwa zaidi. Mwanamke yuko Temeke, wameanzana tangu nikiwa na mimba. Alisema huku machozi yanamtoka, na mama yake akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillah." Alikuwa anashukuru kwamba sasa dawa itashika. Kisha akanigeukia akaniomba beseni na maji ya vuguvugu.

Nikaenda kuchota maji. Mpaka leo hilo ndilo linalonishangaza, kwamba nilikwenda, nikayapima kwa kiwiko yasimuunguze mtoto, nikayaleta. Wakamwogesha, baba na bibi, kwa majani yanayonuka. Sikulia wala sikuuliza jina la huyo mwanamke. Niliingiwa na ganzi, nikawa napika, nashona, najibu salamu, lakini ndani kumenyamaza kimya.

Dawa haikushika. Nesi wa kliniki aliyempima uzito aligusa vile vifundo vya mikono, akatuandikia twende hospitali.

Daktari alikuwa dada wa makamo, mpole. Alimbonyeza mtoto mbavu, akampeleka kupigwa picha ya mifupa na kutolewa damu. Majibu yalipotoka akatuita wote wawili. Akasema mtoto ana upungufu wa kalsiamu, madini yanayokaza mfupa, na hata hiyo kidogo anayoila mwili haukuweza kuifyonza vizuri kwa kukosa vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza ikipigwa na jua. Mfupa laini ukibebeshwa mwili, unapinda. Ndiyo maana meno yamechelewa na misuli imelegea. Tungechelewa zaidi, angeweza hata kupata degedege. Akatuandikia dawa, na akataka mtoto apewe maziwa na dagaa wa kusaga na miba yake, atolewe nje apate jua la asubuhi.

"Atanyooka," akasema. "Bado mdogo, mifupa inakua."

Mume wangu akakohoa. "Dokta, na yale mambo ya wazazi? Wanasemaga mtoto anabemendwa."

"Hapana, baba. Hayahusiani kabisa. Hii ni lishe na jua."

Tulipotoka nje nikasimama kwenye uwazi, nikaifungua kanga, nikaiacha miguu ya mwanangu juani. Akafumba macho kwa mwanga. Mume wangu alikuwa ananitazama, lakini mawazo yake yalikuwa mbali.

"Kumbe nisingesema," akanong'ona.

Nikaikunja kanga.

Dawa ya hospitali ilifanya kazi taratibu, sawa na alivyosema daktari. Nilitwanga dagaa na vichwa vyao, nikachanganya kwenye uji. Kila asubuhi nilimkalisha kizingitini kifua wazi, na wenye macho wakatazama walivyotaka. Miguu ikaanza kurudi. Mama mkwe aliwaambia watu kwamba dawa yake imeshika kwa sababu mwanawe ni mwanaume, kakubali kosa. Majirani wakampa mume wangu mkono. Wapo waliosema nina bahati ya mume mkweli.

Jioni moja mtoto alikimbia kutoka mlangoni hadi bombani bila kuanguka. Baba yake alipiga makofi, akambeba, akalia kwa furaha. Kisha akanijia.

"Mke wangu, mtoto si kapona? Na daktari kasema haikuwa mie. Sasa bado umenuna nini?"

Nilitafuta hasira, nikaitamani kabisa, sikuipata. Nilichokiona ni kitu kimoja tu. Siku ile alikuwa ameungama kwa mama yake, na kwa ajili ya miguu ya mtoto. Kwangu hakuwahi kusema hata pole.

Nikamwambia sijanuna. Nikamwambia pia kwamba nahamia kwa dada yangu Mwananyamala, mimi na mtoto. Akacheka, akidhani namtania, akaniuliza leo tunakula nini.