Picha ya Mguu Wangu

Jana nilikuwa nachimba shimo la kupanda majani ya nepia nyuma ya boma la ng'ombe. Jembe likatoa picha ya eksrei, na ile harufu ya udongo baridi niliijua.

Nilikuwa na miaka sita. Ng'ombe alinikanyaga wakati wa kukamuliwa, mguu ukafura kama kiazi. Hospitalini daktari aliinua picha kwenye taa, akatuonyesha ufa mwembamba kwenye mfupa wa kidole kidogo.

"Umepasuka tu, haujaachana," akasema. "Tutaweka plasta. Asiukanyagie wiki sita."

Nyumbani niliiegemeza picha dirishani nitazame mifupa yangu iking'aa. Shosho, nyanya yangu, akainyakua.

"Ati mtu ako hai anaangalia mifupa yake? Mifupa ni ya mchanga."

Akatoka nje kwenye mvua, akaizika mwenyewe.

Plasta ilipotolewa nilitembea vizuri, ila mguu huo haujawahi kupata joto tena, hata juani.

Jana niliipangusa picha. Ufa bado upo. Nikavua gambuti, nikaukanyagisha juu yake mguu wangu wa leo, mguu wa kiatu namba tisa.

Ulitoshea, kidole kwa kidole.