Damu ya Mara ya Pili

Koleta alizaliwa Vudee, milimani, akashuka tambarare kwa ndoa. Mumewe, Sadock, alikuwa amejenga vyumba viwili nje kidogo ya mji wa Same, mahali ambapo viwanja vilikuwa rahisi kwa sababu ng'ambo ya korongo kulikuwa na dampo. Upepo ukivuma kutoka huko, Koleta alianua nguo hata kama hazijakauka. Zaidi ya hapo hakulifikiria sana. Alikuwa mhudumu wa afya wa kitongoji. Alipima uzito wa watoto na kuwakumbusha wajawazito kliniki, na watu walimwamini kwa kuwa hakuwa mtu wa kubeba maneno ya nyumba hii kwenda ile.

Mwaka jana walikuja wataalamu wa kupima damu. Walisema pale dampo kuna watu wanaovunja betri za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo, na vumbi lake huingia mwilini bila mtu kuhisi. Wakamwomba Koleta awakusanye wakazi.

Akaanza kwa Mzee Swalehe, jirani aliyeheshimiwa kuliko wote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa habari ya damu?"

"Ndiyo, mzee. Ni tone tu la kidoleni."

"Tulipokuwa wadogo tuliambiwa tumkimbie mumiani," mzee alisema. "Leo mumiani anakuja na daftari, na wewe ndiye unayemwonyesha njia."

Mwamvita, mwuza vitumbua, alikuwa na hofu nyingine. "Wakikuta sumu watatuhamisha, dada. Na nani atakula vitumbua vya mtu mwenye sumu?"

Koleta naye alikuwa na hofu yake mwenyewe, ambayo hakuwa amemwambia mtu. Binti yake Blessing, wa miaka mitano, alikuwa ameacha kula na kila siku alilalamika tumbo. Siku mbili kabla ya hapo alisimama mbele ya ndoo ya maji, akainyooshea kidole, jina la chombo hicho limempotea. "Mama, kile... kile..." Koleta alicheka ili mtoto asiogope, kisha akaenda nyuma ya nyumba na kukaa chini peke yake.

Siku ya kupima, watu walisimama mbali wakitazama. Koleta akamshika Blessing mkono, akamkalisha kwenye kiti cha kwanza. Baada yake walifuata thelathini na mmoja. Sadock hakuwamo, alisema ana kazi.

Wiki tano zilipita kimya. Kisha Fanueli, mtaalamu wa maabara, akamwita mjini.

"Majibu yote yako juu, mama," alisema. "Hata ya mwalimu aliyehamia kutoka Mwanga siku tatu kabla. Haiwezekani. Vumbi lililokuwa vidoleni liliingia kwenye matone. Hatujui kipi kilikuwa ndani ya damu na kipi kilikuwa juu ya ngozi."

"Kwa hiyo mwanangu ni mzima?"

"Sijui. Ndicho ninachokuambia, mama. Sijui."

Ilibidi kurudia, safari hii kwa sindano ya mkononi, mbali na dampo, kila mtu akiwa amenawa kwa sabuni. Koleta aliitisha mkutano kuwaeleza. Hakumaliza.

"Damu ya kwanza mmeiuza wapi?" mtu alipiga kelele.

Bonge la udongo likampata begani. Mkono mmoja ukamvuta kitenge kwa nyuma. Aliwajua wote waliokuwa pale. Watoto wao aliwapima yeye. Alitoka akitembea polepole, kwa kuwa aliona akikimbia watamfuata.

Waliokuja mara ya pili walikuwa tisa. Blessing alikuwa mmoja wao.

"Namba ya risasi kwenye damu ikifika tano tunatafuta chanzo," Fanueli alisema majibu yaliporudi. "Yeye ana ishirini na nane. Huwa anacheza dampo?"

"Simruhusu kuvuka korongo."

"Nani wa nyumbani anayevuka?"

Koleta alimjua. Kila jioni Sadock alirudi, akamwinua binti yake kabla hata hajanawa, na Blessing akalaza shavu kwenye koti la baba yake. Sadock alikuwa mmoja wa wale waliovunja betri.

Alimwambia mumewe siku hiyo hiyo, wakiwa wamesimama uani.

"Unasema mimi ndiye ninayemuua mwanangu?" Sadock aliuliza.

"Nasema koti, baba Blessing. Nasema vumbi."

Sadock alilivua koti, akabaki nalo mkononi. Alitaka kulichoma, akakumbuka moshi. Alitaka kulifukia, akakumbuka watoto wanaochimbachimba pale. Alizunguka uani nalo mpaka Koleta akaleta mfuko mzito wa plastiki wakalifunga humo.

Blessing alipelekwa Vudee kwa Agatha, dada yake Koleta. Anakula makande, anakunywa maziwa. Baada ya miezi minne namba ilishuka hadi kumi na tisa. Koleta aliuliza kama maneno yaliyopotea yatarudi. Fanueli alisema hilo litajulikana mtoto atakapoanza shule, akaangalia pembeni.

Sadock sasa anabeba tofali mjini. Mwezi uliopita alikwenda kupima bila kulazimishwa. Majibu yake hayajaja. Wameambiwa mashine ya maabara ya Dar es Salaam imeharibika na kipuri kinasubiriwa. Wale ishirini na watatu waliokataa kupimwa tena hawajarudi. Koleta bado anapita nyumba zao, na wengi wakimwona huwaita watoto ndani. Anabisha hodi, anasubiri, kisha anakwenda nyumba inayofuata.