Marcel, Mwana wa Birindwa

Nilimwona Marcel mara ya kwanza mwaka 2014, katika ghorofa ya chini ya kanisa kule ughaibuni, mjini Apple Valley, ambako sisi Wakongo hula pamoja baada ya ibada. Alikuwa amejibanza mlangoni, sahani ya fufu mkononi, anatafuta pa kukaa. Papa Sosthène, mkubwa wa chama chetu, akamuuliza jina. Alipojibu Marcel Kabare, Sosthène aliinama akapiga makofi ya taratibu, yale ambayo Washi humpigia mwami, mfalme wao. Kabare ni eneo la kwao huko Kivu. Ni jina pia la ukoo wa kifalme.

"Mtu wa nyumba ya mwami hali amesimama," Sosthène akasema, akamwondoa mama mmoja kitini.

"Papa, mimi si wa mwami," Marcel akasema. "Baba yangu alichunga mbuzi za watu. Jina lake Birindwa."

Watu wakacheka. Walisema ndivyo watoto wa wafalme wanavyofundishwa kujishusha.

Ukweli wenyewe alinieleza garini, maana tulifanya usafi pamoja katika ofisi moja ya Eden Prairie na mimi ndiye niliyekuwa na gari. Katika kambi ya wakimbizi Uganda karani alimuuliza jina, kisha alikotoka. Akasema Marcel, akasema Kabare. Karani akayaunganisha, na Marcel, asiyejua kusoma, akatia alama ya kidole.

"Baba aliuawa akinificha kwenye mihogo," akaniambia. "Hata kaburi hana. Jina ndilo lilikuwa limebaki."

Margaret, Mkenya tuliyekuwa tunasafisha naye, aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akaegemea ufagio. Kwao pia ni Kabare, lakini ya Kirinyaga.

"Basi na mimi ni malkia," akamwambia. "Mbona hakuna anayenipigia makofi? Hebu mfalme, shika mopu."

Siku ile Marcel alicheka. Baadaye hapakuwa na cha kuchekesha. Sosthène alimvalisha kitambaa chenye madoa ya chui, akampeleka kwenye karamu ya Wazungu wanaokisaidia chama, akawaambia huyu ni mwana wa mfalme aliyenyang'anywa kiti. Wazungu wakapanga foleni kupiga naye picha. Marcel alisimama pale kama mbuzi wa maonyesho, macho chini. Nilikuwepo. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Kesho yake alimfuata Sosthène akamwambia kwamba siku ya kuapa uraia sheria inaruhusu mtu kubadili jina, naye atachukua la baba yake.

"Unataka kutuaibisha mbele ya watu waliokuamini?" Sosthène akasema. "Wenzako wanalitamani jina hilo. Wewe unataka la mchunga mbuzi?"

"La mchunga mbuzi," Marcel akajibu.

Kiapo kilipangwa mwezi wa nne. Mwezi wa pili moyo wake ukashindwa, akafia hospitalini. Bernardine, mke wake, alimsihi Sosthène waandike Birindwa msalabani. Sosthène akamjibu mjane yule, mbele yetu sote, kwamba karatasi zote zinasema Kabare na wale Wazungu wa karamu wameshaalikwa kwenye maziko.

Wakamzika Lakeville, kwenye theluji, jeneza limefunikwa kitambaa kilekile, Sosthène mbele akipiga makofi yake. Mimi huimba besi katika kwaya. Siku hiyo nilisimama mstari wa kwanza, nimefumba mdomo, tangu wimbo wa kwanza hadi udongo ulipofunika jeneza. Sosthène alinitolea macho. Nami, nisiyeweza hata kumtazama muuzaji wa dukani usoni, nilimkazia yangu mpaka akageuka.

Jioni ya mwisho hospitalini Marcel alikuwa amenishika mkono. Alisema polepole, akipumzika katikati ya maneno: "Ndugu yangu, wakinizika kwa jina la mwami, wewe usiimbe."