Bata Mzinga Waliokimbilia Diepsloot

Enzi zetu pale Diepsloot, kabla simu hazijaanza kutujibia kila kitu, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba bata mzinga wa Marekani hukimbilia Johannesburg kila inapokaribia sikukuu yao ya kuchinjwa. Habari hizo nilizipata kwa Papa Mulumba, kinyozi Mkongo aliyetunyoa ndani ya kontena kwa mashine iliyokata nywele nusu na kung'oa nusu. "Bale ndege banakimbia kisu, petit," aliniambia, amenishika kichwa nisitoroke. "Kila mutu hapa Joburg alikimbia kitu." Nikaona ana hoja. Sisi tulitoka Tanga, jirani alitoka Bujumbura, mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, alitoka Mogadishu. Bata mzinga akitoka Marekani kuna ajabu gani?

Tena ushahidi ulikuwa nyumbani kwetu. Baba alikuwa fundi wa kukereza mbao. Uani alikuwa na kerezo aliloliunda mwenyewe kwa mota ya mashine ya kufulia, na akiliwasha, naapa, taa zilififia mpaka Midrand. Kazi yake ilikuwa miguu ya meza na ya vitanda, mpaka akatokea mzungu mmoja aliyekuwa akienda Marekani kila mwaka kuwinda. Huyo akamwomba amtengenezee vibakuli vya kuitia bata mzinga. Kibakuli chenyewe kinaenea kiganjani, cha mbao ya mninga, juu kimefunikwa kwa kipande chembamba cha jiwe. Unakikuna kwa kijiti, nacho kinatoa sauti ya bata jike. "Dume likisikia," Baba alinieleza, "linakuja mbio lenyewe, wala halidai nauli."

Nakumbuka harufu ya ule mninga ukiguswa na patasi, na maranda yaliyoruka kila mahali: kwenye ugali, masikioni, ndani ya chai. Mama alikuwa akichuja chai mara mbili, mara ya kwanza majani, mara ya pili mbao. Baba alijaribu kila kibakuli kabla hakijatoka. Anakuna, anasikiliza, anapiga msasa, anakuna tena. Mama hakuwa na subira na mambo hayo. "Mwanamume mzima na ndevu zake," alisema, "kutwa anamtongoza bata."

Na ndege walikuja, ndugu zangu. Kila alfajiri walitua kwenye nyasi karibu na bomba lililopasuka, rangi ya majivu, midomo mirefu iliyopinda, sauti kama geti lisilotiwa mafuta tangu uhuru. Kweli, kwenye picha aliyotuachia yule mzungu, bata mzinga alikuwa mnene, mkia kama feni, shingoni mambo mekundu kama shanga. Hawa wetu walikuwa wembamba, hawana mkia wala shanga. Hilo halikunisumbua. Safari ndefu inakondesha, na mipakani nani amewahi kuvuka na shanga zake zote?

Basi ikafika Idi. Siku hiyo mtaa wetu ulicheza mpira na mtaa wa pili, na timu ilikuwa ya Furaha, binti wa yule jirani yetu wa Bujumbura. Mpira ulikuwa wake, kwa hiyo na sheria zilikuwa zake.

"We Musa, mguu wako ni wa adui," aliniambia wiki moja kabla. "Idi utaokota mipira."

Hapo nikahisi dunia inafunga milango. Baba, ambaye hajawahi kuzima kerezo kwa ajili ya mtu yeyote, alikuwa ameahidi kuja kunitazama. Nilijiona nikitambaa mtaroni kutafuta mpira huku amesimama pale na kofia yake nzuri.

"Nikileta bata mzinga, je?" nikauliza.

"Wa kula?"

"Mzima mzima."

"Lete tuone."

Asubuhi ya Idi nilichukua kibakuli alichokitupa Baba kwa sababu ya ufa, nikaenda uwanjani. Nyuma yangu timu, mmoja kabeba sufuria, mwingine chumvi. Nikakuna. Kimya. Nikakuna mpaka kijiti kikaanza kutoa moshi. Mara ndege watatu wakapita juu ya mabati wakipiga yowe, wakatua golini. Aliyeshika sufuria akaiangusha.

Furaha akawazunguka taratibu. "Mbona wamekonda?"

"Wametoka Marekani kwa miguu."

"Na midomo hiyo?"

"Njaa inavuta uso. Ni wakimbizi, kamuulize Papa Mulumba."

Furaha, aliyeingia nchi hii na mama yake na begi moja, aliiokota ile sufuria. "Mkimbizi hachinjwi," akasema. "Rudisheni chumvi. Musa, vaa namba tisa."

Baba alikuja, maranda bado kwenye kofia. Tulifungwa mabao ambayo mpaka leo yanaendelea kuhesabiwa, moja kwa mguu wangu ule ule. Baba hakujua goli letu ni lipi. Alishangilia lile bao mpaka kofia ikadondoka.

Wanangu leo wanacheza mpira wakiwa wamekaa kwenye kochi. Wakisikia ndege wanainua simu, simu inamtaja jina kabla hajamaliza kulia, nao wanaendelea na mambo yao. Nikiwasimulia habari za kerezo wananijibu "sharp, Baba," yaani sawa, macho chini. Baba yangu amerudi Tanga, mikono inamtetemeka, hakerezi tena. Kuna asubuhi natamani kukuta mbao kwenye chai yangu.

Mimi nimesoma shule ya usiku, nina cheti, biolojia nilifaulu, na imani yangu haikuguswa maana swali hilo halikuja kwenye mtihani. Mwezi uliopita nilikaa meza moja na Furaha kwenye harusi huko Midrand. Siku hizi yuko benki Sandton. Nikawasimulia wageni jinsi tulivyowapa hifadhi bata mzinga wa Marekani. Furaha aliniacha nimalize, akafuta mikono.

"Musa, wale ni hadeda. Ndege wa hapa hapa. Nilijua siku ile ile."

"Sasa namba tisa ulinipa ya nini?"

"Mwenye jezi hiyo alikwenda kula Idi kwa shangazi yake," akasema. "Tulikuwa kumi."