Nilivyokula Mandazi Laivu na Funga Yangu

Jamani, chekeni tu, aibu yenyewe nimeshaizoea: mimi Mwanajuma, binti wa Mombasa, mtandio mpaka kifuani, nilikula mchana wa Ramadhani mbele ya chuo kizima, na tena nilikuwa natoa mawaidha!

Jioni ile dada wa jumuiya yetu ya wanafunzi Waislamu walikuwa wachague nani ataendesha ukurasa wao mtandaoni, na mimi nafasi hiyo niliitaka mpaka naiota, kwa hiyo saa tisa nikaingia laivu chumbani kwetu Riruta niwafundishe watu kushinda tamaa, ila simu nikaiegemeza pale meza ya kupikia (akili zangu!), na pembeni Akinyi, mwenzangu wa chumba, Mkristo wa Kisumu, anakaanga mandazi.

Naongea, mkono ukaenda wenyewe, nikang'ata. Watazamaji wakaruka kutoka thelathini hadi mia tatu, nikasema moyoni leo maneno yamewaingia, nikachukua la pili.

Akinyi akaacha mwiko hewani. "Aki Mwanaju, si umefunga?"

Nilitamani ardhi inimeze. Maoni yanamiminika, vicheko, astaghfirullah, mmoja kaandika "mnafiki huyo". Njia ya kuponyoka ilikuwepo, ningesema niko kwenye siku zangu, mwanamke akiwa hivyo hafungi, nani angebisha? Lakini nitadanganyaje na funga mdomoni? Nikatema, nikasukutua, nikarudi mbele ya simu.

"Nimesahau, wallahi. Na aliyekula kwa kusahau funga yake haijavunjika, anaendelea mpaka magharibi. Kwa hivyo bado nimefunga, na mandazi ya Akinyi ni matamu."

"Na hiyo pia muandike!" Akinyi akadakia.

Jioni nikaenda kufuturu msikitini mjini nimeinamisha kichwa, nikijua nafasi imeshakwenda. Wale dada kuniona tu, vigelegele!

"Watu wanauliza maswali ya funga tangu laivu yako ya saa tisa, hata wale huwa wanaona haya," akasema Nasra, mwenyekiti wao. "Chukua ukurasa, dada."

Nilifurahi, nisiwafiche, nilifurahi mpaka tende ikanikwama kooni, na aliyeniita mnafiki ndiye wa kwanza kunitumia swali.

Ila nimeapa, mawaidha ya subira sitoi tena nikiwa na njaa. Subira nitawafundisha nikishafuturu.