Uso wa Msinga Maharusi

Kwa miaka kumi na saba, msichana wa Kiislamu akiolewa Kaloleni ya Voi, alipita kwanza mikononi mwa Bi Umi. Yeye ndiye aliyewasinga maharusi. Siku saba bibi harusi akiwa ndani, Umi alimpaka singo aliyoitwanga mwenyewe, liwa na manjano na mawaridi makavu, kisha akamsugua mpaka taka zikaporomoka na ngozi ikabaki nyororo. Mamake alimfunza kwamba hakuna doa lisilosalimu amri kwa mkono. Na watu waliamini, kwa kuwa uso wake ulikuwa safi.

Mwaka wa tisini na tano akashika mimba ya nne. Ikaharibika, ikamwachia madoa ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo. Aliulilia uso kuliko alivyoililia mimba, na asije mtu akamhukumu upesi. Mumewe Mahmud alikuwa dereva wa lori, mwezi yuko mwezi hayuko, na uso huo ndio uliokuwa ukiwalisha watoto watatu.

"Mganga hajigangi," wanawake wakacheka kisimani. Macho hayana pazia, na midomo pia haina.

Umi akafanya alilolijua. Akajisugua kwa singo asubuhi na jioni, akajipaka ndimu, akakaa uani uso juani ili liwa ikauke. Jua la Voi halina adabu. Mwezi haukuisha madoa yakakolea, yakaota na kwenye kipaji cha uso.

Ndipo akaenda kwa Sista Mutindi, muuguzi mmoja Mkamba asiye na maneno matamu.

"Mama, hii si uchafu. Wacha kusugua. Hayo madoa yameletwa na mimba, na jua inayazidisha. Osha uso polepole na maji na sabuni ya mtoto, paka mafuta kidogo. Ukitoka nje mchana vuta leso ifunike uso, hata kama unaanika nguo tu. Na usiinamie jiko. Yatafifia, lakini utangoja miezi. Pengine mwaka."

Umi alitii siku kumi na tisa, na kwa haki alitii vizuri. Mwasho wa kujisugua ukaanza kupoa. Siku ya ishirini akaja Faiza, mwenye duka la vitambaa, kuzungumzia harusi ya bintiye Jannat. Akamtazama shavu, akakoroga chai iliyokwisha korogwa.

"Usinielewe vibaya, dadangu. Watu wa bwana harusi wanatoka Mombasa. Tutaona wakati ukikaribia."

Umi hakuhitaji kufafanuliwa. Faiza akimwacha, mji mzima utamwacha.

Kesho yake alinunua dawa ya tyubu kwa mchuuzi wa stendi, yenye maandishi asiyoyajua. Wiki mbili tu, madoa yakatoweka. Faiza alipomwona alipiga makofi.

"Mashallah, Umi! Basi na Jannat awe hivyo hivyo."

Jannat alikuwa hana doa hata moja. Alikuwa na weusi wake mzuri na miaka ishirini, basi. Lakini Umi alitaka harusi hiyo isemwe mpaka Mombasa, akakamua tyubu mbili ndani ya singo na hakumwambia mtu.

Siku ya nne ya kumsinga, Umi alisimama kidogo juani akichota maji, na uso ukamchoma kama uliomwagiwa pilipili. Kwenye kioo aliona ngozi imekuwa nyembamba, inabanduka, na chini yake madoa yanarudi meusi kuliko kwanza. Akajipaka poda, akaingia chumbani kwa bibi harusi. Jannat akamkabidhi uso wake, amefumba macho, anacheka.

Harusi ilisifiwa sana.

Siku arubaini baadaye Jannat alibisha hodi peke yake, amejifunika mpaka machoni. Alipofunua, mashavu yalikuwa mekundu na mabichi, na kando ya macho pameungua.

"Shangazi, huko kwa mume wangu wanasema nimepigwa jicho la hasadi. Mimi nimesema, nikifika kwa Shangazi Umi atanisinga, yatatoka. Nisinge."

Umi akaona haya. Angeweza kuitikia hasadi ile. Kisingizio kilikuwa kimeletwa mpaka mlangoni.

"Si hasadi, mwanangu. Ni mimi. Nilitia dawa ndani ya singo."

Jannat aligusa shavu lake.

"Hukujua kama inaunguza?"

"Mwanzo sikujua."

"Ulijua lini?"

"Siku ya nne."

"Ulinisinga siku saba, Shangazi."

"Nilikusinga saba."

Umi alinyoosha mkono amshike. Jannat akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.