Tuta la Koko

Kwetu Marodoka, kisiwani Nosy Be, asubuhi ilikuwa na harufu ya mlangilangi. Belobaka, nje ya mji wa Mahajanga, asubuhi ilinuka kinyesi cha kuku na majani yaliyolala na umande. Nililetwa huko baada ya mama kufariki, kwa mjomba wangu aliyekuwa mtunzaji wa shamba. Mjomba alikuwa mtu mwema asiyependa maneno, na mimi nilikuwa msichana nisiyeyaweza, kwa hiyo tuliweza kula chakula cha jioni chote bila kusikika kitu ila vijiko.

Shamba halikuwa letu. Lilikuwa la milango. Watu wa Mahabibo, upande wa mjini Mahajanga, hawakuhesabu watu; walihesabu milango. Baada ya zile fujo zilizowafanya Wakomoro wengi wafunge nyumba zao na kupanda meli, familia zilizobaki karibu na msikiti mmoja ziliogopa kwenda sokoni, zikakubaliana kulima pamoja nje ya mji. Hofu ilipita, watu wakarudi sokoni, lakini shamba likabaki. Kila mlango ulitoa tetea mmoja, na mvua za kwanza zikinyesha ulileta mikono ya mtu mmoja kuinua tuta lake. Baada ya hapo, mwaka mzima, kila Ijumaa mlango ulipata kikapu cha kile ambacho ardhi imekubali kutoa. Msimu mzuri, kunde mbichi, nyanya, mchicha. Msimu mbaya, maboga, na Ijumaa ya pili maboga tena.

Kazi yangu ilikuwa kuku. Hawakufungiwa. Nikifungua banda alfajiri walitawanyika majanini kutafuta panzi, na kila mmoja alitaga alikopenda: chini ya matandazo ya maboga, ndani ya gurudumu bovu la mkokoteni, mmoja daima juu ya ndala za mjomba. Niliwafuata kimya kimya, kwa sababu kuku ukimsumbua hubadilisha mahali. Kazi hiyo ilinifaa. Mguuni kila tetea alifungwa kitambaa cha mlango wake. Mayai tuligawa sawa bila kujali nani katagiwa na nani. Kitambaa kilikuwa cha kujua kuku wa nani amekufa, ili mlango ulete mwingine.

Mmoja alikuwa wa kijivu, kishingo, asiye na nyoya shingoni, na mguuni alikuwa na kipande chekundu cha shiromani, lile vazi la kujitanda la wanawake wa Kikomoro. Huyo alikuwa wa Koko.

Koko ni bibi kwa Kikomoro. Hakuwa bibi yangu. Alikuwa kizee anayekaa na mjukuu wake wa kiume katika nyumba ya mabati yenye mlango wa kijani.

Ijumaa tulikwenda kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mwenye mkokoteni alikuwa jirani yetu, mtu wa maneno mengi, na ukimya wangu ulimchekesha.

“Leo dada umesema ‘simama’ na ‘twende’,” aliniambia siku moja. “Ng'ombe wangu anasema zaidi yako.”

Niliweka kikapu mlangoni, nikachukua kile cha wiki iliyopita. Kikapu hakirudi kitupu; hiyo ni adabu ya nyumba zetu zote, tangu Marodoka. Kilirudi na ndimu, au chumvi ndani ya jani, au kipande cha mkate. Milango mingi ilifunguliwa na mtoto, akapokea, akafunga. Sikuwalaumu. Nilisimama kama mtu anayetaka kuondoka, na watu humwacha aondoke mtu wa namna hiyo.

Koko peke yake alisema, “Ingia.”

Niliingia. Mwenye mkokoteni alilalamika nje, kisha akazoea, akawa anashuka kusinzia kivulini. Koko alitoa mayai moja moja na kuyashika kwenye mwanga.

“Haya yametagwa na kuku au na njiwa?”

“Na kuku wako mwenyewe, Koko.”

“Basi amezeeka kama mimi. Mwambie apumzike.”

Nilijibu Kimalagasi, na maneno machache ya bahari na ya dini niliyoyapata kwa babu yangu kule Marodoka, yeye alisema Kikomoro, tukakutana katikati. Hakuniuliza habari za mama. Alinipa kisu na majani ya muhogo nikate, na mikono ikiwa na kazi nilijikuta nasema. Nilimwambia jinsi mama alivyopanga vyungu. Nilimwambia kwamba Belobaka usiku sisikii bahari na kwa hiyo sijui nimelala upande gani. Hayo sikuwa nimemwambia mtu.

Mwaka ule mvua zilikuwa chache na vikapu vyepesi. Kabla ya msimu mpya, mjukuu wa Koko alipata nafasi melini akaenda Komoro kwa baba yake. Alikuwa ndiye mikono ya mlango ule.

Milango ilikutana uani kwa mama mmoja mwenye duka, mwanamke mkubwa wa sauti aliyekuwa na watoto wengi wa kulisha. Mimi nilikuwa nagawa chai.

“Shamba si sadaka, jamani,” alisema. “Mlango usio na mikono hauna tuta, na usio na tuta hauna kikapu. Nikimwachia mmoja, kesho watakuja watatu na mgongo unaouma.”

“Koko tutampelekea chakula,” mtu alisema. “Hatalala njaa.”

Koko alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshika kikombe bila kunywa. “Sitaki kuletewa,” alisema. “Nataka kikapu changu.”

Nilielewa vizuri kuliko wote pale. Kikapu kikikatwa, Koko angekuwa maskini wa mtaa, na mimi nisingekuwa na sababu ya kubisha mlango wa kijani. Nilikuwa na la kusema. Mjomba, kwa kuwa mtunzaji, hakuwa na tuta lake; alipewa kidogo kutoka kila tuta, na mimi nilikula kwake. Kwa hiyo mikono yangu haikuwa ya mlango wowote. Neno lilikuwepo. Nikaendelea kumimina mpaka chai ikaisha, watu wakavaa viatu.

Siku ya matuta huwa Jumatatu. Jumanne katika ardhi ile ni fadi, yaani mwiko: jembe haligusi udongo, na Jumatano mbegu zinaingia. Tuta ambalo halijainuka Jumatatu kabla jua halijazama halipo tena mpaka mwaka mwingine.

Walikuja asubuhi, mtu mmoja kwa kila mlango, kila mmoja na angadi lake, jembe la hapa lenye mpini mrefu. Walichomeka vijiti vyenye vitambaa wakaanza. Mimi niliachiwa sufuria ya mihogo ya kuwalisha. Kutoka jikoni niliona pengo, udongo mweusi bapa katikati ya matuta mawili yanayoinuka, na yule kuku wa kijivu anaparua ndani yake.

Nilichochea moto. Nikauchochea tena. Kisha nikachukua angadi la mjomba, nikaingia kwenye pengo.

Sikuwa nimelima tuta zima maishani mwangu. Udongo wa mvua ya kwanza ni mzito juu na mkavu chini. Nililima nikiangalia chini tu, kwa sababu nilijua nikiinua uso nitaona watu wananitazama.

“Mihogo inaungua!” ilikuja sauti ya mwenye duka. “Msichana yuko wapi?”

Akaja mpaka ukingoni. Niliona miguu yake.

“Tuta la nani hilo?”

“La Koko.”

“Nani kakutuma?”

“Hakuna.” Kisha lile neno likatoka, limechelewa. “Mikono yangu haina mlango.”

Miguu yake iligeuka kuelekea jikoni, kisha ikarudi.

“Haya,” alisema. “Mlango umepata mikono. Na sisi leo tutakula makaa?”

Walicheka, na mihogo wakaila hivyo hivyo, wakikwangua weusi kwa kucha. Hakuna aliyenisaidia, sheria ni mikono ya mtu mmoja, na sikutaka. Jua lilipogusa miti nilikuwa nimefika mwisho. Mwenye mkokoteni alisimama akainamisha kichwa upande mmoja.

“Tuta hili limelewa,” alisema.

Lilikuwa limepinda kweli. Jumatano mwenye duka mwenyewe alichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu.

Mwaka ule Koko alipata kikapu chake kila Ijumaa, nami niliingia kila Ijumaa. Aliniuliza habari za tuta kama mtu anavyouliza habari za mgonjwa. Kiangazi kilipoanza, mwanawe alikuja kutoka Komoro kumchukua. Nilipofika na kikapu cha mwisho alikuwa ameshajitanda, mizigo iko nje. Aliyatazama mayai kwenye mwanga, moja moja, akanirudishia yote.

“Tuta usiliache likafa,” alisema.

Sikuliacha. Mvua ziliporudi niliingia kwenye mstari bila mtu kuniuliza, na tangu hapo huwa nalinyoosha kidogo kila mwaka. Mlango wa kijani una kufuli. Tukimaliza kugawa Mahabibo, kikapu kimoja hubaki mkokotenini, chenye kitambaa chekundu, nami narudi nacho Belobaka. Napika, naita mjomba, tunakula. Kisha naosha kikapu, natia ndimu ndani kisirudi kitupu, nakitundika msumarini. Ijumaa naikuta ndimu yangu mahali nilipoiweka.